Chetezo Kwenye Chumba cha Seli

Hadi leo nikisikia harufu ya udi, damu inanichemka, na hapa Nizwa udi haukwepeki.

Kwetu ni Ibra, lakini nafanya kazi katika maabara ya Nizwa, kuotesha seli. Kaka yangu aliugua misuli ya moyo na madaktari hawakujua kwa nini. Nikamtoa damu. Kutokana na damu ile tulipata seli shina, yaani seli zilizorudishwa nyuma zikawa kama za mimba changa. Ukizilea vizuri unaziongoza ziwe ini, neva au moyo. Mimi nilitaka moyo, nione ubovu ulianzia wapi.

"Ukinitengenezea moyo," alinitania akishusha mkono wa kanzu, "usiufanye kama wako. Wako una hasira."

Alifariki kabla seli hazijageuka moyo. Nilijaribu tena na tena, zikakataa, mpaka mrija wa mwisho wa seli zake ndio ukakubali. Asubuhi moja nikatazama kwenye hadubini nikaona utando mwembamba wa misuli ya moyo, unadunda. Nililia na glavu mkononi, hata machozi sikuweza kufuta.

Nikampigia mama simu.

"Unadunda wenyewe?" akauliza.

"Wenyewe, mama."

"Basi Alhamisi nakuja kumwona."

Nikamkanya asijifukize udi wala asijipake mafuta mazuri, kwani seli hizi hazistahimili moshi wala harufu kali.

Jumatano akaja mgeni mkubwa kutoka Maskati. Mkuu wetu wa maabara, yule yule aliyebandika mlangoni tangazo la kukataza manukato, akaingia na chetezo kinafuka. Akamfukiza mgeni kilemba na ndevu, kisha akafungua kabati la joto amwoneshe seli za kaka yangu. Mlango ukabaki wazi wakipiga picha.

"Daktari, moshi!" nilipiga kelele.

"'Eib, aibu hiyo, binti. Mgeni hapokewi mkavu."

Kesho yake utando ulikuwa umesimama. Nikabadilisha maji ya lishe, nikasubiri, nikatazama tena. Wapi! Nikamfuata mkuu ofisini.

"Khalas, qadar Allah," alisema. "Utaotesha mwengine."

Mwengine! Kama vile kaka yangu ni mchicha. Nikamwambia asimsingizie Mungu, chetezo alikishika yeye. Niliubamiza mlango wake na sijutii mpaka leo.

Mama alikuwa keshaondoka Ibra. Alipoteremka garini nilimwambia shikamoo, nikambusu mkono, nikashtuka: hanuki chochote. Mama yangu huyu, ambaye hata hospitali kujifungua alikwenda amejifukiza.

"Nimeoga kwa sabuni ya kufulia," alisema, akininyooshea mkono ninuse. "Buibui nimelifua, nikalianika juani mpaka udi wote ukatoka. Haya, nipeleke kwa mwanangu."