Ngoja Uone Ua Lake

Mwanangu Kwamboka,

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku zangu zote za hapa Toronto, na wewe ulikuwepo ingawa huwezi kuikumbuka. Nitakusimulia leo, kwa sababu Jumamosi ulipokuja na mfuko wako wa majani nilikunyang'anya, nikauweka juu ya friji, nikakwambia nenda nyumbani ukampe mtoto maji ya vuguvugu na kikohozi kikizidi umpeleke kwa daktari. Uliondoka umenuna. Ulikuwa na haki. Mwanamke mzima, mwenye nyumba yake Markham na mtoto wake mgongoni, hanyang'anywi kitu kama mtoto wa chekechea bila kuelezwa sababu. Sababu nilikuwa nayo, ila ilinikwama kooni, na imenikwama humo tangu kabla hujazaliwa.

Ninaandika kwa Kiswahili makusudi. Najua unakielewa vizuri, hata kama kunijibu unanijibu kwa Kiingereza. Soma polepole, na pale patakapokuwa pagumu muulize mama yako. Yeye anaijua habari hii yote, na kunyamaza kwake kulikuwa ni heshima kwangu mimi, anti yako.

Uliniambia simu yako imelitambua lile jani. Umeielekeza kwenye mmea nyuma ya nyumba yako, ikakutajia jina, ukasoma kwamba linafaa kwa kifua, ukachuma mfuko mzima. Sikukucheka, mwanangu. Mimi sikuwa na simu, nilikuwa na macho yangu tu, na yakanidanganya vilevile.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mganga wa miti shamba kule Usangi, katika milima ya Upare. Hakupiga ramli wala hakumtaja mtu kuwa mchawi. Alijua majani na mizizi, basi, na alijua pia ni wakati gani wa kumwambia mgonjwa, "Hii ya kwako iko nje ya kikapu changu, shuka hospitali." Mimi ndiye niliyebeba hicho kikapu tangu nikiwa na miaka tisa. Wenzangu walicheza rede, mimi nikapanda mlima nyuma ya kikongwe aliyetembea kwa kasi kuliko mbuzi.

Alikuwa na utaratibu wake, nao ulinichosha. Kabla hujachuma hata jani moja la mmea, ulitakiwa kuutembelea mwaka mzima. Si kuuchuma, kuutembelea tu. Ukichipua uende, ukichanua uende, ukizaa matunda uende, ukikauka uende. "Kausalimie," alikuwa akiniambia, kana kwamba ananituma kwa shangazi. Nilipolalamika kwamba jani nimeshalijua, kwa nini nirudi, alinijibu hivi: "Majani hufanana kama watoto wa mtaa mmoja. Ua ndilo linalotaja ukoo." Na alikuwa na sharti la pili. Dawa ikishaiva, anayeipika hunywa kwanza mbele ya mgonjwa. Bibi hakuwahi kumpa mtu kikombe ambacho mdomo wake haujakigusa.

Nilijifunza mimea kumi na moja kwa namna hiyo, halafu nikaenda shule ya bweni, halafu mjini, halafu huku. Bibi alifariki mwaka wangu wa kwanza hapa. Barua ilinifikia wakati wamekwisha maliza hata matanga.

Sasa nikwambie juu ya hamu, maana wewe umezaliwa hapa na huenda huijui hii ya kwangu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nafanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, nakaa ghorofa ya kumi na moja kule mtaa wa Jane na Finch. Majira ya baridi yalinikuta sijui hata kufunga zipu ya koti. Miezi mitano sikuona jani bichi lililoota lenyewe. Nilikuwa naingia dukani, nasimama mbele ya mafungu ya kotimiri, nayanusa, halafu natoka bila kununua kitu. Nilimlilia Bibi yangu kwenye basi, mchana kweupe, na watu wa huku kwa adabu yao wakatazama pembeni.

Mama yako, Neema, ndiye niliyepanga naye. Alikuwa mwanafunzi pale chuoni, binti wa Kisii, mcheshi, na wewe ulikuwa tumboni mwake mwezi wa nne. Baba yako bado alikuwa Nairobi akisubiri viza. Ujauzito ule ulimtesa kwa kiungulia. Kila akila anashika kifua, anakaa kitako jikoni, anaanza kutaja mboga za kwao moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma orodha ya ndugu zake.

Mwezi wa tano theluji ilipokwisha, Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, nilishuka bondeni nyuma ya yale maghorofa, kule kwenye kijito. Pembeni mwa uzio nikaona kitu, nikainama kukitazama. Mnavu. Machipukizi laini, majani ya kijani kilichokolea, yale yale ambayo Bibi alikuwa akiyatwanga, akakamua maji yake, akachanganya na maziwa kumpa mwenye tumbo linalowaka. Nililigusa jani nikaanza kulia. Nikalisalimia kwa Kipare, Mungu anisamehe, kana kwamba limesafiri kuja kunitafuta.

Nikapandisha nalo mbio. Mama yako alipoliona akaruka kitini na tumbo lake. Nyinyi mnaliita managu.

"Aki dadangu," akasema, "hii ni managu kabisa. Hata mamangu hawezi kataa."

Basi, mashahidi tukawa wawili, na sote wawili tulikuwa na njaa ya kwetu. Nikakimbia ghorofa ya chini kwa Mama Shirini kuazima kinu chake cha shaba. Mama Shirini alikuwa Mwismailia, mzaliwa wa Moshi, mjane, mtu wa maneno machache na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Hakuniuliza kinu ni cha nini. Alidhani natwanga iliki.

Nilitwanga, nikakamua. Majani yalikuwa machanga, maji yake yakatoka kikombe kimoja tu. Hapo ndipo penye kosa langu, mwanangu, pasome mara mbili. Nililikumbuka sharti la Bibi la kunywa kwanza. Nililikumbuka kabisa. Nikasema moyoni, nikinywa mimi yatampungukia Neema, na yeye ndiye mgonjwa. Nikaona huo ndio upendo. Nikampa kikombe chote.

Hazikupita saa mbili mama yako akaanza kutapika. Alitapika mpaka akawa anajishikilia ukutani, tumbo linamkata, midomo imebadilika rangi. Mama Shirini alitukuta kwenye lifti, akatuitia teksi, akatuingiza. Mimi niliacha hata mlango wazi.

Hospitali daktari aliniuliza mgonjwa amekula nini, amekunywa nini. Nikasema, "Chai."

Ndiyo, mimi. Nilikuwa nimevaa sketi yenye madoa ya kijani, nikasema chai. Niliona aibu. Niliona nikisema nimetwanga majani ya bondeni nitaonekana mshamba, na nilikuwa bado sina makaratasi kamili, nikaogopa kila aliyevaa koti jeupe. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuwa nimeficha maradhi yangu, nilificha ya mwenzangu, na ya kwako. Akauliza tena. Nikarudia chai.

Sijui ingekuwaje, mlango usingefunguliwa na Mama Shirini akaingia na koti lake juu ya gauni la nyumbani, amekumbatia kile kinu cha shaba. Alikuwa amepanda kufunga mlango wetu, akaona makapi. Akakiweka kinu kwenye meza ya daktari, na majani yaliyosagika humo ndani, akanigeukia.

"Mwambie," akasema.

Nikamwambia. Daktari hakunicheka wala hakunifokea. Alichukua yale makapi na shina moja lililosalia, akatoka, akapiga simu, wakaanza kumtibu mama yako kama mtu aliyekula sumu. Halafu akaja muuguzi na kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto. Alikisogeza huku, akakisogeza kule. Nilisimama nimeegemea ukuta, nikasema, ee Mungu, nichukulie chochote, hata hiyo mimea kumi na moja niliyojifunza, ifute yote kichwani. Kisha moyo wako ukasikika, mbio mbio. Nilikaa chini palepale sakafuni.

Mama yako alipopata usingizi, Mama Shirini alinitoa nje, kwenye korido. Nilitarajia matusi. Nilitamani hata anipige.

"Binti," akaniambia, "ulikuwa na hamu ya kwenu. Ukaitwanga, ukampa mwenzio anywe. Hamu ni yako. Ungeinywa mwenyewe kwanza."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii. Bibi asingeniambia vikali zaidi.

Mama yako alirudi nyumbani baada ya siku mbili. Alinishika mkono akasema hata yeye aliapa ni managu, kwa hiyo kosa tugawane. Sikukubali kugawana. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba wewe ukikua nikwambie mwenyewe. Akaahidi, akatimiza. Mimi ndiye niliyeahirisha. Kila mwaka siku yako ya kuzaliwa nilikuja na keki na maneno haya mdomoni, nikaiacha keki nikarudi na maneno.

Nilidhani Mama Shirini atanikataza kabisa kugusa mimea. Wiki mbili baadaye aligonga mlango, amevaa raba, akasema twende. Akaniongoza bondeni mpaka kwenye ule uzio. Akanikataza kuchuma, akasema tutazame tu. Tukarudi tena, na tena. Mwezi wa sita ukachanua. Mnavu wa kwetu una ua jeupe, dogo, la haya. Hili lilikuwa la zambarau, na katikati limechomoza manjano. Baadaye mmea ukazaa matunda, na badala ya kuwa meusi kama ya Usangi yakawa mekundu mno, ya kuvutia. Ulikuwa wa ukoo mwingine kabisa. Nilisimama mbele ya lile ua nikalia kuliko nilivyolia hospitali, maana ndipo nilipoelewa kwamba kwetu ni mbali, na hakuna kitu cha kwetu kilichokuwa kimekuja kunitafuta.

Tuliutembelea hadi ukabaki kijiti kwenye theluji. Mwaka uliofuata tukachagua mmea mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuijua nchi hii, mwanangu, mmea mmoja kwa mwaka, na Mama Shirini na raba zake. Alipofariki wanawe waliniletea kile kinu. Ndicho hiki unachokiona dirishani, katikati ya vyungu vyangu vya mchaichai na mrehani, ambacho umeniomba mara tatu nikakataa.

Siku hizi ninao mnavu wa kweli, kwenye ndoo pale roshani. Mbegu nilipewa na mama mmoja Mkongo kanisani, na nilisubiri ua lake jeupe kabla ya kuuchuma. Naupika, naula. Mzuri. Lakini si ule. Udongo wa dukani hauna harufu ile ya mlimani baada ya mvua, na hakuna mtu wa kunituma nikausalimie. Hamu haijaniisha, na sasa nimeacha kutegemea kwamba itaisha. Ninachofanya ni kuikalisha kitini peke yake, isinishike mkono ninapomhudumia mtu.

Basi sikiliza. Sikukatazi kujifunza. Nimefurahi mno kwamba katika watoto wote niliowalea huku wewe ndiye uliyekuja kuuliza. Ila jina la mmea si kuufahamu, awe amekutajia nani, simu au mimi. Ufuate mpaka uone ua lake na tunda lake, umpate na mtu anayeujua akuthibitishie. Usimpe mtu kikombe usichothubutu kukinywa wewe, na mtoto mdogo usimpe kabla ya kumuuliza daktari, hata kama Bibi yangu mwenyewe angefufuka akasema mpe. Ukiulizwa hospitali mgonjwa amekunywa nini, sema lote, hata kama sketi yako ina madoa. Aibu ni ya siku moja. Na ukijiona unataka sana jani fulani liwe lile unalolifikiria, rudisha mkono nyuma. Ukitaka sana, macho hukutii wewe yakaacha kulitazama jani.

Lile la kwenye mfuko wako nimelitazama siku nne sasa. Silijui. Ndiyo, anti yako unayejisifu naye kwa rafiki zako, halijui. Rudi nyuma ya nyumba yako, umwoneshe mtoto shina lake, msilichume. Lisalimieni tu. Likichanua, nipigie simu uniambie ua lake lina rangi gani. Siku hiyo njoo na mama yako, na kikapu cha kubebea kitu kizito, maana kinu cha Mama Shirini kitakuwa chako.

Mungu amponye mwanao kifua. Akupe mkono usio na haraka na mdomo usioficha. Bibi yangu na Mama Shirini, ambao hawakuonana duniani, wakutangulie kila bonde unaloshuka. Na moyo wako, ule niliousikia kabla sijauona uso wako, uendelee kudunda hivyohivyo, mwanangu, mimi nikiwa sipo.