Uani kwa Shangazi, Boko

Bizari yetu iliujua mji huu kuliko mie. Tuliianika Kigamboni, tukaisaga Kurasini, kisha ikapanda gari mpaka Boko, uani kwa shangazi, ambako yeye na akina mama wa mtaani waliitia kwenye pakiti. Halafu irudi tena Kurasini ikauzwe! Faida yote ilikuwa inaishia kwenye dizeli. Mie nilisema wazi: kila kitu kihamie Kigamboni, uwanja tunao. Nilijua niko sahihi, na mpaka leo najua.

Kaka yangu, tuliyerithi naye kampuni kwa baba, hakubishia hesabu. Alibishia wakati. Mume wa shangazi alikuwa amefariki na shangazi alikuwa anakaa eda: hatoki nyumbani, hajipambi, mpaka siku zake zitimie. Kwetu mwenye eda haendewi na habari za biashara.

"Umfungie na kazi juu ya msiba?" kaka aliniambia. "Una moyo wa jiwe wewe. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu. Tukanuniana.

Kilichonikera ni kwamba kila mtu alikuwa akimsemea. Jamani, aliyekufa ni mumewe, si yeye! Nikamwambia kaka twende Boko tukamuulize mwenyewe. Akaja, uso umemvimba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu."

Alikuwa mkekani na nguo zake nyeupe, anachambua iliki kwenye ungo. Kaka akaanza kuzunguka: pole, subira, Mungu ndiye mpangaji. Mie nikamkatiza.

"Shangazi, tunataka kazi yote ihamie Kigamboni. Hapa pafungwe. Unasemaje?"

Kaka akafumba macho. Mie nikamtazama shangazi. Angelia, uso wangu ningeuweka wapi?

Hakulia. Akauweka ungo chini. "Gari la wafanyakazi litapita huku?"

"Tutalipitisha."

"Basi eda ikiisha, mie nalipanda."

"Si lazima, shangazi," kaka akadakia. "Hapa umepazoea, hatutaki kukuondolea kazi yako mlangoni."

"Nani kakwambia nimepazoea?" Hakupandisha sauti. "Marehemu hakutaka nitoke kwenda kazini, ndiyo baba yenu akaniletea kazi uani. Mkasema mmenifanyia hisani. Alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu. Ila hilo daraja la Kigamboni mie nalisikia kwa watu tu."

Kaka akainama. Mie nilikuwa nimejiandaa kumcheka njia nzima ya kurudi, lakini hamu ikanitoka.

Shangazi akauvuta ungo wake, akaniangalia.

"Gari lianzie hapa kwangu," akaniagiza. "Nataka kukaa mbele, dirishani."