Propela Iliyokosekana

Jumamosi, kwenye duka moja la magari Westlands, nilimwona mzee akivua koti la suti, akamkabidhi mkewe, kisha akalala chali sakafuni na kuingiza kichwa chini ya gari la stima, lile la kutumia umeme. Madereva wa zamani hukagua hivyo. Rangi hawana haja nayo.

"Propela iko wapi?" akauliza kutoka huko chini. "Bila chuma hicho cha katikati, nguvu ya injini inafikaje nyuma?"

Muuzaji, binti mpole, akachuchumaa. "Hakuna, mzee. Kuna mota mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu yake. Upande mmoja ukiteleza, kompyuta inaongezea ule mwingine nguvu kabla hujajua."

Mzee akatoka akijipangusa, hajaridhika. "Vitu havijaungana, vitaendaje pamoja?"

Mkewe akacheka. "Si ulifanya kazi huku Nairobi miaka yote hiyo, mimi nimebaki nyuma Kakamega na watoto na shamba? Tulikuwa na propela gani?"

Mkewe akaendelea, sasa kwa upole: "Ulipoachishwa kazi, ulinieleza? Nilisikia tu sauti yako kwa simu. Kesho yake gunia la mahindi likapanda basi kuja kwako."

Mimi mambo ya magari hunipita, lakini hapo nilielewa.

Mzee alichukua koti, akamfunika mkewe mabegani, akamgeukia muuzaji. "Kati ya hizo mota, ipi ina nguvu zaidi?"

"Kwa gari hili, ya nyuma."

"Hiyo," akasema, "sikuhitaji kulala chini kuijua."