Nyumba Ingali Imesimama

Jumatatu, kwenye ofisi moja hapa Manika, mjini kwetu kwenye migodi, nilikuwa nyuma ya mama mmoja wa mtaa wa Dilala. Alikuja kuomba msaada wa serikali apate nyumba ya bei nafuu. Karani aligonga karatasi kwa kidole.

"Mama, kanuni mupya inasema feza ni ya bale benye habana nyumba. Weye uko nayo."

"Iko, tata karani. Lakini jirani anachimba madini ya kobalti mu chumba yake, na shimo imefika chini ya yangu. Nikikaa kula, nasikia nyundo chini ya miguu."

"Inasimama?"

"Inasimama."

"Basi rudia siku itaanguka."

Mama alikunja karatasi yake taratibu. "Siku itaanguka, tata, mi niko ndani."

Na kanuni yenyewe bado ni pendekezo tu! Haijapitishwa, ila kaunta imeshaanza kuitii. Aliyeiandika hajui kwamba hapa kwetu nyumba huliwa kutoka chini?

Sikungoja zamu yangu. Nilirudi nyumbani, nikapiga sakafu kwa kisigino, nikasikiliza. Tangu siku ile sijaacha.