Pampu Isiyo na Mwenyewe

Mguu wangu wa kushoto umepungua, ni mfupi kuliko wa kulia kwa kimo cha kiberiti kilichosimamishwa. Waliosababisha hivyo ni watatu, na mimi ni mmoja wao. Aliyebeba lawama mwaka mzima ni wa nne, na hakuwamo kabisa.

Wa kwanza ni fundi umeme wa njia panda, hapa hapa Mbwawa. Wa pili ni fundi breki, mtu mzima, swala tano, ukuta wake uko wa pili kutoka wangu. Majina yao nayajua na wao wanajua kuwa nayajua, inatosha. Wa nne, asiyekuwamo, ni shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu, anayelima Chole kule Kisarawe.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tano huko kaskazini tulikotoka, ufundi nimeuokota chini ya magari ya watu. Tulipohamia Mbwawa kiwanja kilikuwa pori, sasa kuna kuta kila upande. Gereji yangu ni ua wa nyumba. Nina mabomba matatu niliyoyachomelea juu, katikati unaning'inia mnyororo wa kunyanyulia injini. Nina shimo lililofunikwa mbao, na kuku wa mke wangu wanaotembea na oili miguuni mpaka sebuleni.

Kwetu gari haina fundi mmoja. Injini ni yangu. Waya na taa ni za fundi umeme. Pedali na magurudumu ni ya fundi breki. Kugusa kazi ya mwenzio ni kama kutia mkono kwenye sahani yake. Hata nati ya betri naweza kuifungua, lakini siifungui, nampigia simu mwenyewe aje. Desturi hii imetulisha wote miaka mingi na sikuwahi kuona ubaya wake.

Shemeji alifika akivutwa na trekta. Pikapu yake ilikuwa ya petroli na injini imegoma, pistoni zimeshikamana. Alikuwa akibeba mihogo ya wenzake wa Chole kupeleka mjini, hiyo ndiyo kazi iliyomlisha, shamba lake mwenyewe ni dogo.

"Shikamoo shemeji. Nimekuletea maiti."

"Marahaba. Maiti haziletwi kwangu, zinapelekwa makaburini."

"Mfufue basi. Wewe si ndiye nabii wa Mbwawa?"

Tukakubaliana tuiweke ya dizeli, ile mafundi tunayoiita tatu L. Ina nguvu mlimani na haina makuu. Aliipata iliyotumika, ikaja imefungwa kamba, na vikorokoro vyake vyote, pamoja na alteneta, kile kidude kinachochaji betri. Siku mbili nilikata na kuchomelea vishikizo. Siku ya tatu injini ikakaa ndani, na ilipowaka mke wangu alitoka jikoni kupiga kigelegele kwa ajili ya mdogo wake. Nilifurahi. Sitaki kusema sikufurahi.

Ila taa ya chaji haikuzimika. Nikamwita fundi umeme. Akaja na kipimo chake na maringo yake.

"Mzee, alteneta imekufa. Lakini usijali, ninayo nyingine, inachaji balaa."

Akaifungua ile, akafunga yake. Ilikuwa ya gari ya petroli, nyuma iko bapa. Ile ya zamani nyuma ilikuwa na kitu kama kikopo cha chuma, kimefungwa pale pale kwenye mhimili wake, na mipira miwili ya oili ikitoka kwenye injini na kurudi.

"Na hii mipira ya oili?" nikamuuliza.

"Oili ni injini, mzee. Injini ni nani?"

"Mimi."

"Haya. Mimi waya zangu zimechaji?"

Taa ilikuwa imezimika. "Zimechaji."

"Basi mimi niko freshi."

Mimi nilidhani ile oili ilikuwa ya kulainisha bearing ya alteneta tu. Alteneta mpya haihitaji oili, basi oili isimwagike. Nikatafuta bolti mbili, nikazifunga ule utepe mweupe wa mafundi bomba, nikaziba matundu yote mawili ya oili kwenye injini. Nilizikaza mwenyewe kwa spana namba kumi na saba. Ile alteneta ya zamani nikaitia kwenye mfuko wa saruji, nikaisukuma chini ya meza.

Mchana wa siku ile akaja fundi breki. Alitoa hewa kwenye mafuta ya breki, akabadilisha vipira vya breki vya magurudumu mawili, kazi safi, hilo siwezi kumnyima. Halafu akashika mpira mmoja mnene uliokuwa ukining'inia nyuma ya injini. Ulitoka kwenye lile tungi jeusi la duara lililo mbele ya pedali, linaloitwa busta, ambalo kazi yake ni kuusaidia mguu wa dereva.

"Fundi, huu ulikuwa unachomekwa wapi?"

"Kwenye injini ya zamani."

"Kwenye hii uchomekwe wapi?"

Nikazunguka injini nzima. "Hii haina tundu lake."

Tukautazama ule mpira. Mpira ni wa breki, tundu la kuuchomeka ni la injini, na kitu chenye hilo tundu kilikuwa kimeondoka na alteneta, ambayo ni ya umeme. Wakati ule hatukujua. Fundi breki akauziba kwa kipande cha mti na waya, akakanyaga pedali.

"Ngumu kidogo," akasema.

"Breki mpya hizo," nikasema. "Zitazoea."

Nikaijaribu barabara ya Mbwawa, tambarare, gari tupu, mwendo wa mtu anayekagua mashamba ya wenzake. Ilisimama.

Shemeji alitaka niende naye Chole nikaisikilize injini ikiwa na mzigo. Ndivyo tunavyofanya, injini iliyopandikizwa huisikilizi ikiwa tupu. Tukapanda hadi Kisarawe bila neno, tukashuka Chole, tukapakia viroba mpaka springi zikalala. Kurudi tukapita Kisarawe mjini, na baada ya hapo ni mteremko wa kwenda Pugu.

Ninachokumbuka ni kwamba tulikuwa tunazungumzia bei ya mbolea. Akakanyaga breki, gari haikusikia. Akakanyaga tena.

"Shemeji, ni kama nakanyaga jiwe."

"Shusha gia."

Akashusha ya tatu, injini ikalia. Ya pili ikakataa, ikatoa sauti ya kusaga. Miguu yake yote miwili ilikuwa juu ya pedali, ameinuka kwenye kiti kama mtu anayesukuma ukuta. Mbele basi lilikuwa limesimama, linashusha watu. Kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo. Akachagua ukingo. Kushoto ndiko nilikokaa mimi.

Mlango uliingia ndani ukanifuata. Yeye alichubuka kidevu. Mihogo ilimwagika barabarani, na watu wa kwenye lile basi ndio walionitoa.

Askari aliyekuja kupima aliandika mwendo kasi. Shemeji hakubisha. Hospitali, mguu ukiwa umening'inizwa, alisimama miguuni mwa kitanda akasema, "Niliuchagua upande wako." Nilimwambia akae chini. Hakukaa.

Nyumbani nililala miezi mingi. Gari yake iliburutwa ikaletwa uani kwangu, maana ilikuwa karibu na mafundi, wakasema, ingawa hakuna aliyeigusa. Shemeji aliapa hashiki tena usukani. Na kila mwezi akaja na kiroba cha mihogo. Anakodi bodaboda toka Chole mpaka kwangu, njia ndefu, anakiegemeza kiroba kwenye nguzo ya geti.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Mguu?"

"Upo."

Halafu anaondoka. Hakutaka hata maji. Mihogo yake ilikuwa mizuri, ya unga, ukichemsha inapasuka yenyewe. Mke wangu alipika na nazi, tukala, na mimi nilimlaumu mdogo wake kwa kila tonge. Nilisema alikimbiza gari. Nilisema mkulima ni mkulima tu. Mke wangu aliongeza nazi.

Nilipoanza kutembea kwa fimbo nilirudi kwenye kibenchi changu. Mteja mmoja, mfugaji wa huko Mlandizi, akaleta pikapu yenye tatu L kama ile. Oili ilikuwa inavuja nyuma ya alteneta. Nikaifungua. Nyuma palikuwa na kile kikopo, mipira miwili ya oili, na tundu la tatu ambalo sikulijali siku ile. Kwenye hilo tundu ulitoka mpira mnene. Nikaufuata kwa mkono, nikapita juu ya injini, nikafika kwenye lile tungi jeusi la breki.

Nikauchomoa, nikaweka kidole gumba kwenye tundu, mkono mwingine nikazungusha puli, kile kigurudumu cha mkanda. Kidole kikanyonywa.

Ilikuwa pampu ya kuvuta hewa, na busta isipovutwa hewa haiusaidii mguu. Injini ya petroli inavuta yenyewe, ya dizeli haivuti, kwa hiyo wamempa alteneta abebe pampu mgongoni. Mwenye alteneta aliiona ni oili. Mwenye oili aliona ni umeme. Mwenye breki hakuiona kabisa, ilikuwa imeshaondoka. Nikainama chini ya meza nikatoa ule mfuko wa saruji. Alteneta iliyokufa umeme, pampu yake ilikuwa nzima. Ilininyonya kidole vile vile.

Nikairudisha chini ya meza.

Nitasema kwa nini. Uani nilikuwa na injini mbili zinasubiri, na fundi aliyeua breki ya shemeji yake haletewi ya tatu. Halafu mguu ulikuwa unauma, na mtu mwenye maumivu anapenda yawe ya mtu mwingine. Viroba vinne vilikuja baada ya siku ile. Nilikula vyote vinne nikijua.

Mke wangu ndiye aliyeuvunja ukimya wangu, bila kujua. Alikwenda Chole kumwona mama yake, akaja na habari kwamba jirani wa huko amenunua Canter na anamtaka mdogo wake aiendeshe. Amekataa.

"Anasema akishika usukani anauona mguu wako," akaniambia. "Mwambie umemsamehe, baba watoto. Neno moja tu. Anakonda yule."

Neno lile sikuweza kulisema. Nimsamehe kitu gani?

Siku shemeji alipokuja na kiroba kilichofuata niliwaita na wale mafundi wawili. Ilikuwa mchana, jua la utosini, mke wangu ametoa chai. Nikaweka alteneta mezani, nikaibana kwenye jiliwa.

"Mzee, hiyo si ile mbovu?" fundi umeme akauliza. "Unataka niiuze shaba?"

"Weka kidole hapo."

Nikazungusha puli. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Inanyonya."

"Mpira wa busta ulikuwa unakaa hapo."

Fundi breki hakuweka kidole. Alishaelewa. "Mimi nilisema pedali ngumu," akasema. "Nilisema sikusema?"

"Ulisema."

"Na wewe ukasema zitazoea."

"Nilisema."

"Mimi nilipewa alteneta, nikafunga alteneta," akasema fundi umeme. "Mambo ya breki mimi nayatoa wapi? Hiyo si kazi yangu."

"Ndivyo nilivyosema hata mimi," nikajibu. "Wote watatu tulisema hivyo."

Fundi breki akasema ni kazi ya Mungu. Nikamwambia Mungu hana spana ya kumi na saba. Akaninunia, na mpaka leo akipita anasalimia ukuta.

Shemeji alikuwa amesimama kando ya kiroba chake. Akaja mezani, akaweka kidole kwenye tundu mwenyewe, hakuna aliyemwambia. "Zungusha," akasema. Nikazungusha. Alikiacha pale muda mrefu, mpaka mkono wangu ukachoka.

"Kwa hiyo nilikuwa nakanyaga kweli," akasema.

"Ulikuwa unakanyaga."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Mke wangu alikuwa ameshika birika.

"Viroba vinne vilivyopita."

Akafuta kidole kwenye suruali. Alirudi getini, akakiinua kiroba alichokuja nacho, akakiweka begani na kuondoka nacho kuelekea njia panda. Wale mafundi wawili wakamaliza chai yao, kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa.

Sasa shemeji anaendesha ile Canter. Zile injini mbili nilizozihofia, moja ilichukuliwa ikapelekwa kwa fundi mwingine, ya pili mwenyewe aliniachia. Injini ikiletwa kwangu nafuata kila mpira mpaka mwisho wake kabla sijamwita mtu yeyote, na fundi umeme ananiona nimeingilia sahani yake. Aone hivyo hivyo.

Mihogo tunanunua sokoni, ina nyuzi, haipasuki. Shemeji akishuka mjini na mzigo huwa anazunguka apite Mbwawa. Anapiga honi mara moja nje ya geti. Mke wangu anajifuta mikono, anatoka, wanazungumza dirishani pa gari. Mimi nabaki kwenye kibenchi. Namsikia akikanyaga breki, gari inasimama pale pale, na injini, ambayo si mimi niliyeifunga, nakiri, imefungwa vizuri.