Madaftari ya Mtunza Friji

Marehemu mume wangu alichunguza virusi vya mafua kwa miaka ishirini na miwili. Kila Jumatatu alichukua sampuli puani mwa watoto zahanati, akianza na pua yake mwenyewe ili mama zao wasiogope. Hata arobaini haijaisha, mkurugenzi wa kituo chake cha utafiti alikuja kuomba madaftari yake ya kazi.

“Shemeji, tunaandika kitabu cha kituo. Tutamtaja kama mtunza friji wetu hodari wa sampuli.”

“Na kirusi kipya alikigundua nani? Friji?”

Akacheka. Nikamwekea daftari moja mezani, nikamwambia asome. Mwandiko ulimshinda; miaka yote mimi ndiye niliyeusoma na kumchapia mume wangu ripoti.

“Aliyechumia juani ni mume wangu. Jina lake likitangulia kitabuni, nitakusomea,” nilisema, nikamfungulia mlango.