Vidonge vya Mkwe

Mama yangu hawezi kumwambia mkwe wake hapana. Nianze na hilo, kwa sababu kila aliyenisikia nikilalamika habari ya makopo yale alinijibu kirahisi, "Si akatae tu?" Akatae! Anayesema hivyo hajazaliwa kwetu Nyansurura, au kazaliwa akasahau.

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawasogeleani. Mume wa mdogo wangu akija anasimama nje ya uzio, anakohoa, na mama anaingia ndani upesi na kujifunika kanga kichwani. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Wakiwa na jambo la kuambiana linapita kwa mtu wa katikati, na mtu huyo, tangu nirudi kuishi na mama, ni mimi. Sikuiomba kazi hiyo. Nina cherehani yangu, nina shamba la muhogo, na bado nipokee maneno uzioni niyafikishe chumbani kama vile mimi ndiye mnara wa simu.

Shemeji anaishi Kerende. Zamani alikuwa akipata vibarua vya machimboni; vilipokauka akaingia kwenye kuuza virutubisho. Ni vidonge vya kijani vya majani yaliyokaushwa na kusagwa: mlonge, rosela, na mengine ambayo majina yake hata yeye anajikwaa akiyatamka. Siku aliyoleta kopo la kwanza alinisimamisha juani akanieleza mpaka nikasahau nilichokuwa nikishona. Mwili, alisema, unashika kutu kama bati la nyumba, na ndani ya majani mna vitu vya kuzuia hiyo kutu, vinaitwa antioksidanti. Neno hilo alilirudia rudia, lilimkaa vizuri mdomoni.

"Mwambie mama hii ni zawadi yangu," akasema. "Kutu ikishatoka, shemeji, hiyo presha yake itakaa wapi?"

Sikatai majani. Mama amekula mgagani na mnavu maisha yake yote, na mgagani wake, akishauchemsha na kuutia maziwa, hata mgonjwa anayekataa uji atanyoosha mkono. Muuguzi wa zahanati yetu mwenyewe husema mboga na matunda vinausaidia moyo. Ila husema pia, tena bila kuchoka, kwamba mwenye presha haachi dawa zake. Nilifikisha zawadi, nikafikisha na onyo hilo. Mama akalipokea kopo kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati kando ya picha ya marehemu baba, akashukuru. Nikadhani yameisha.

Tulikuwa tukipalilia mtama mama alipokaa chini ghafla, jembe likamtoka mkononi. Alisema dunia inazunguka, na maneno yenyewe yalitoka yamelegea. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, njia nzima nikimsemesha ili nimsikie anajibu. Pale zahanati muuguzi alimpima, akampima tena.

"Bibi, dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu."

Mama yangu ni mama wa kanisa. Alisema hivyo akimtazama binti wa watu machoni. Muuguzi akatugeukia wote wawili, akatuambia wazi kwamba presha ikibaki juu namna ile mshipa unaweza kupasuka kichwani. Hakuhitaji kutueleza maana yake. Mama yangu mdogo aliondoka hivyo hivyo, asubuhi alikamua ng'ombe, jioni tukawa tunatafuta mbao za jeneza.

Nyumbani nilianza kupekua. Dawa za hospitali nilizikuta nyuma ya magunia ya mtama, ndani ya chungu kilichopasuka mdomo, pakiti hazijaguswa. Nilizibeba mpaka kitandani kwake.

"Mama, hizi ni nini?"

"Dawa."

"Zinafanya nini kwenye chungu?"

"Zimepumzika."

Zimepumzika! Nilihisi damu yangu mimi ndiyo inapanda. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia aziache, kama ni shemeji nikamfuate sasa hivi. Akasema mkwe wake hajamwambia kitu kama hicho, nisimsingizie.

"Mtu amekuletea dawa kwa heshima," akasema. "Sasa nikimeza yake, halafu nimeze na ya hospitali, si nimesema yake haitoshi? Mkwe akikuletea nyama unakwenda kuongeza ya buchani kwenye chungu hicho hicho?"

"Mama, hii ni presha, siyo nyama."

"Wewe huna mkwe, ndiyo maana unaona rahisi. Mdogo wako analala kwenye nyumba ya mtu yule."

Hapo ndipo penyewe. Heshima ilikuwepo, lakini chini yake alikuwepo mdogo wangu. Mama alikuwa tayari kuanguka shambani ili binti yake asije akaambiwa siku moja kwamba kwao wanadharau. Ukibishana na mzee wa namna hiyo unampigia mbuzi gitaa. Kesho yake nikapanda pikipiki kwenda Kerende.

Shemeji si mtu mbaya, na hilo ndilo linanichosha zaidi. Angekuwa mbaya ningemtukana nikarudi nimepumua. Nilipomweleza alishika kichwa. "Mimi sijasema aache dawa, shemeji! Haki ya Mungu!"

"Najua hukusema. Sasa njoo useme aendelee."

Akaja. Akasimama nje ya uzio, akakohoa, mama akaingia ndani. Akapaza sauti akiuelekea ukuta: "Mama! Hivi vidonge ni kama mboga tu! Za hospitali usiache!" Majirani walisikia, ng'ombe walisikia. Nikaingia ndani nikitabasamu. Mama alikuwa amekaa nyuma ya mlango na kanga yake, amefurahi sana.

"Mwambie nimesikia," akanong'ona. "Umeona mkwe mwenye adabu anavyojishusha? Ulitaka aseme nini? Aseme zawadi yake ni kubwa?"

Nilikaa chini kwenye udongo. 

Tulivutana wiki nzima, hadi akalegeza kamba kwa sharti moja: kopo la mkwe lisibaki na kitu. Lazima liliwe na mtu wa nyumba ile, likishaisha lirudishwe tupu, ili mwenyewe aone halikudharauliwa. Na mtu wa nyumba ile, bila shaka, nilikuwa mimi. Basi kila asubuhi tulisimama jikoni, yeye na vidonge vyake vyeupe, mimi na vyangu vya kijani, na hakumeza mpaka ameniona nimeanza. Mchana kutwa nilicheua majani juu ya nguo za wateja. Kama nilikuwa na kutu mwilini imeshatoka yote, na rangi ya bati pia.

Presha ya mama ikashuka. Muuguzi akafurahi, mimi nikalala usingizi, na kopo tupu nikamrudishia shemeji kwa mikono miwili kama mama alivyoagiza. Mambo yakaishia hapo, nilifikiri, kwa jinsi nilivyo mjinga.

Muda si mrefu nilikwenda Nyamongo kununua nyuzi na zipu. Mama mmoja wa Genkuru, mteja wa shemeji, akanishika mikono sokoni. Uso wake ulikuwa umeumuka na miguu imejaa kwenye ndala.

"Wewe si ndiye binti wa yule mama aliyepona presha? Mkwe wenu ametuonyesha kopo kwenye simu, limeisha kabisa. Na mimi za hospitali nimeziacha, nafuata mfano wa mama yako."

Nilimwambia ukweli wote pale pale, mbele ya mwenye duka. Nikamwambia vidonge vile nilimeza mimi, na mama alipona kwa dawa za hospitali. Alinisikiliza kwa upole, halafu akanipigapiga bega.

"Mna ugomvi wa kifamilia, eeh? Yataisha tu, mwanangu."

Nilirudi Nyansurura naongea peke yangu njiani. Nilimkuta mama anasonga ugali, nikammwagia yote kwa hasira: umeona adabu yako, umeona heshima yako, imefika mpaka Genkuru na itaua mtu. Mama akaacha kusonga.

"Ana watoto?"

"Anao."

Akashika tena mwiko. Mimi nikazidi kukasirika.

Siku chache baadaye shemeji akakohoa uzioni. Alikuwa na boksi la makopo mapya. Niliinuka kwenye cherehani nikachukue ujumbe kama kawaida yangu, na mlangoni mama akanipita. Kichwa chake kilikuwa wazi. Alikuwa anakwenda nje.

"Mama, rudi ndani," nikasema. Mimi, niliyeilalamikia mila ile kila siku, nilimkimbilia mama nikamshika nguo. Akautoa mkono wangu taratibu.

Shemeji alipomwona aligeuka akautazama mnyaa wa uzio, boksi ameliinua kuficha uso. Nilimsikia akisema "Mama, hapana, mama, tafadhali." Mama alisimama hatua chache nyuma yake, akausemesha mgongo wake.

"Mkwe wangu, kopo lako amelimaliza huyu binti. Mimi nimepona kwa dawa za hospitali. Kuna mama huko Genkuru ameacha zake kwa ajili yangu. Nenda leo. Asipokuamini, mwambie mama mkwe wako ametoka nje, akakuambia kwa mdomo wake."

Alikwenda. Nilijua kwa sababu jioni mdogo wangu alipiga simu akilia. Mama wa Genkuru alipoambiwa jinsi mama alivyotoka, aliomba apelekwe zahanati hapo hapo. Lakini shemeji amerudi hali chakula, hasemi, na wazee wa ukoo wao wameitana kuuliza kwa nini kijana wao ametiwa aibu kama aliyevuliwa nguo na mama mkwe.

Mama alisikia kila neno, kwa maana simu yangu ina sauti kubwa. Alikuwa amekaa kitandani akiuelekea ukuta, kanga ameshaivuta tena hadi machoni. Hasira zangu za miezi yote ile zilitafuta wa kumwangukia zikamkosa. Nikamletea dawa yake na maji.

"Watamruhusu mdogo wako kuja hapa tena na wajukuu?" akaniuliza.

 Nikamshikia kikombe, na akameza.